Anayerudia Masalia

Jioni ile nilitoka kambini kwenda kuokota kuni kwa sababu Gavan alikuwa ameshakaa, na mdogo wangu huyu akishakaa hanyanyuki. Mwili anao wa kubeba nguzo za umeme, lakini mtajie kuni uone mgongo utakavyomshika. Nikamwambia mvivu mkubwa wewe. Akanijibu kwamba kutembea kutaninyoosha magoti, dada, uzee unabisha hodi. Nikachukua tochi, ingawa mwanga bado ulikuwapo, nikashuka kuelekea korongo la mto mkavu ambako mikaratusi huangusha matawi yake.

Nyuma yangu Baba alikuwa kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini, anageuza vipande vya nyama ya kondoo juu ya makaa. Alikuwa na furaha. Nataka hilo lijulikane mapema, maana watu wakisikia yaliyofuata hudhani tulimburuta mzee wa watu porini. Wapi! Yeye ndiye aliyetuburuta sisi. Kutwa alikuwa ananipigia simu: Lorna, kabla miguu haijagoma, nipeleke nikazione stesheni zetu.

Stesheni ndivyo tunavyoyaita yale mashamba ya kondoo ya kaskazini, shamba moja ukubwa wa wilaya, na nyumba ndani yake ni moja. Ukoo wetu wa Trewartha ulikuwa nayo kadhaa, ukame ukayala yote. Siku mbili tulikuwa tumezunguka kwenye magofu, hapa bomba la moshi limesimama peke yake, pale kitanda cha chuma katikati ya vichaka. Ardvane tuliiacha ya mwisho, kwa sababu ndiyo ya kale kuliko zote na ndipo Baba alipozaliwa.

Mimi naendesha basi la shule, sijui kubembeleza. Nilimwambia Ardvane tunalala usiku mmoja, asubuhi tunageuza. Na daktari wake nilimwahidi kwamba nitamrudisha mzima. Basi kazi yangu kwenye safari ile ilikuwa hiyo tu, kumrudisha Baba nyumbani.

Mchana tulipofika geti la kusini la Ardvane, Gavan alishuka, akafungua, nikapitisha gari, naye akarukia kiti chake na kuliacha wazi. Kondoo wa mwisho aliondoka pale kabla sisi wawili hatujazaliwa. Hapakuwa na cha kutoroka. Baba akagonga dashibodi kwa fimbo. Geti ulilolikuta limefungwa, unalifunga. Ulilolikuta wazi, unaliacha wazi. Hiyo ndiyo amri tuliyofundishwa kabla ya sala, na huku kwetu mtu atasamehewa kumchukua mke wa jirani lakini si kuacha geti. Gavan akarudi kulifunga huku ananung'unika. Geti la ndani, la kuingilia eneo la nyumba, akalifunga bila kuambiwa.

Sasa nilikuwa korongoni na mzigo wa matawi kwapani, jua limeshagusa milima. Juu ya kingo niliona uzio mdogo wa chuma. Makaburi. Nikapanda kuyatazama, kwa sababu mtu huwezi kupita kwa watu wako bila kuwaamkia.

La kati lilikuwa la babu yangu, Hosking Trewartha, baba yake Baba. Pembeni yake walilala watoto wake. Shangazi Winifred. Baba mkubwa Cyril. Baba mkubwa Edgar. Nikasimama nikashangaa kidogo. Cyril aliishi Perth, upande wa pili wa nchi. Shangazi Winifred alikuwa na saluni Adelaide, na Ardvane akiitaja anatema mate. Lakini wote walikuwa wamekuja kulala hapa. Nikajiambia, kumbe damu nzito kuliko maji, mtu hata akikimbia vipi hupenda kwao.

Baada ya Edgar palibaki nafasi ya mtu mmoja. Ardhi yake ilikuwa imesawazishwa vizuri. Sikuipenda nafasi ile.

Ndipo nikasikia mluzi.

Mrefu... halafu mfupi.

Nikajua ni Gavan. Nikamtukana kwa sauti, nikamwambia kama ana nguvu za kupiga miluzi aje abebe kuni.  Kunguru wote waliokuwa kwenye mikaratusi wakanyamaza kwa pamoja. Kisha mbwa akabweka, mara moja tu, upande wangu wa kushoto, karibu.

Sisi hatukuja na mbwa.

Nikasogea kulia. Sikuamua kusogea, mwili ulisogea wenyewe. Nikashuka korongo kwa upande ambao sikupandia, nikatokea juu yake mbali na njia yangu, na harufu ikanifikia. Mafuta ya sufu. Mbwa aliyelowa. Tumbaku ya kusokota. Nimekua nayo harufu ya mafuta ya sufu, inaingia kwenye ngozi ya mikono na haitoki kwa sabuni, lakini pale hapakuwa na kondoo hata mmoja.  Nikatupa nusu ya kuni.

Nilipofika kambini Baba alikuwa amesimama bila fimbo. Nyama ilikuwa inaungua na yeye haioni. Gavan alikuwa amemshika mkono, anamwambia akae, Baba, ni ndege tu yule.

"Ndege gani," Baba akasema kwa sauti ya chini. "Mluzi ule nimeamshwa nao kila alfajiri ya utoto wangu."

Nikamuuliza ni wa nani, na jibu nilikuwa nalo tayari tumboni.

"Wa Hosking. Anarudia masalia."

Hapo lazima nieleze kidogo, kwa faida ya asiyefuga. Kabla ya kukata manyoya, kondoo wa stesheni nzima hukusanywa. Lakini hata ukusanye vipi, wapo wanaojificha makorongoni. Hao ndio masalia. Kazi kubwa ikiisha, mtu hutoka tena na mbwa wake kuwarudia, mmoja hapa, wawili pale. Watu wengi huona ni taabu bure, wanawaacha. Babu Hosking hakuacha hata mmoja. Farasi wake alipokufa kwa ukame, alikwenda kwa miguu. Alikutwa amekufa kwenye kona ya uzio, amekaa, kofia kichwani, na mbwa wake amekufa miguuni pake. Mbele yao alikuwapo kondoo jike mmoja, mzima, amebanwa kwenye kona na maiti mbili.

Hadithi hiyo tuliijua wote. Tuliipenda hata, tuliisimulia Krismasi. Lakini Baba alikuwa na kipande ambacho hakuwahi kutusimulia, akatusimulia pale, haraka haraka, macho yake gizani. Mama yake alipochoka na njaa akawapakia watoto kwenye lori la sufu, Hosking alisimama kibarazani. Hakubishana wala hakuaga. Alimwambia mkewe kwamba mkusanyo wa kwanza una haraka, nendeni tu... masalia atayarudia mwenyewe.

"Winifred alikuja kutazama tu," Baba akasema. "Cyril naye alikuja kutazama tu. Na mimi ndiye niliyewaomba mnilete, sijui hata kwa nini."

Sikungoja zaidi. Nilimwambia Gavan amwingize mzee kwenye gari, mengine yote yaachwe, magodoro, jiko, nyama, kila kitu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Gavan alifanya alichoambiwa bila neno.

Yeye ndiye aliyeshika usukani. Tulilifikia geti la ndani taa zikiwa zinarukaruka juu ya mawe. Na getini, katikati kabisa, alikuwa amekaa mbwa. Mweusi, masikio wima, kifua cheupe. Macho ya mbwa yakimulikwa hung'aa.

Ya yule hayakung'aa.

Gavan akakata kona. Nilimpigia kelele apite juu yake, avunje na geti, pita tu, lakini mikono yake ilikataa. Mtu wa kwetu hagongi mbwa wa kazi, afadhali apindue gari. Tukaenda kando ya uzio tukitafuta geti la magharibi, na tulipolikaribia kitu kikaupiga mlango wangu kwa nje, mara moja, kama bega la mtu. Gavan akakata tena. Mara tairi za mbele zikazama kwenye mchanga wa korongo, injini ikalia, tairi za nyuma nazo zikajichimbia.

Gavan akazima injini.

Tukakaa. Pumzi zetu zilikuwa zimetia ukungu vioo. Nikamwambia Gavan tufunge milango, tukae ndani, kutakucha. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Na mimi kweli niliamini hivyo, kwamba gari ni chuma na kwamba sisi ni watu wazima.

Halafu makucha yakaanza kutembea juu ya paa.

Taratibu. Kutoka nyuma... kuja mbele... kurudi nyuma.

Mbwa wetu wamefundishwa hivyo. Kondoo wakijazana kwenye ujia mwembamba wakakataa kusonga, mbwa hurukia juu yao, akakimbia juu ya migongo, na wa mbele hushtuka wakasonga. Nimeona hilo mara nyingi sana na kila mara nilicheka. Sasa nilikuwa chini ya miguu yake, na nilitaka kutoka. Nilitaka kutoka kuliko nilivyowahi kutaka chochote. Sijui nani alifungua mlango wa kwanza. Nakumbuka baridi, na mkono wa Baba mkononi mwangu, mwepesi, mifupa mitupu, na sisi watatu tunakimbia.

Tulikimbia, kama huko kunaitwa kukimbia, mzee wa miaka themanini na kitu katikati, anavutwa na watoto wake. Mbwa alibweka kulia, tukaenda kushoto. Mluzi ulisikika kushoto, tukanyooka. Tulipochoka tukapunguza mwendo, na nyuma pakawa kimya, tukapumua. Tulipojaribu kusimama kabisa, harufu ikaja. Tukaenda tena. Gavan alikuwa ananong'ona kwamba mbele ni salama, dada, mbele hakuna kitu, twende mbele.

Kweli mbele hapakuwa na kitu. Njia ilikuwa wazi, laini, hata mawe hayakuwapo.

Nikamulika tochi kushoto. Uzio, waya za zamani, nguzo za mbao. Nikamulika kulia. Uzio. Tulipotembea kidogo nikamulika tena. Nyaya zilikuwa zimesogea karibu.

Nilijua pale ni wapi. Kila stesheni inazo nyua mbili za namna hiyo, zinaanza mbali, zikiwa zimeachana sana, zinakuja zikikaribiana mpaka zinakutana mlangoni mwa zizi. Kondoo hawazioni kwa sababu macho yao yako kwa mbwa. Nikainua tochi juu, na bati la banda la kukatia manyoya likaonekana mbele yetu, kubwa, limepinda mgongo.

Hatukuwa tunakimbia.

Tulikuwa tunaswagwa.

Mimi binti wa wafugaji, nimeswaga kondoo tangu sijaota meno ya pili, na sikuona. Hasira ilinipanda kabla ya hofu, wallahi naapa, nilikasirika. Hakuwa anatukimbiza. Alitusukuma, akatuachia, akatusukuma, akatuachia, akauacha upande mmoja tu kimya, na sisi kila mara tukauita upande huo salama.

Geti la zizi lilikuwa wazi. Ndani ya banda palikuwa na giza, na ndani ya giza palikuwa na watu.  Nilisikia miguu yao tu ikisogeasogea kwenye sakafu ya mbao, wamebanana, wakitupisha. Kisha mmoja akakohoa. Kikohozi kikavu, cha mvuta sigara, chenye mluzi mdogo mwishoni.

Gavan akaganda. Baba akaniminya mkono.

"Winnie," akamwita dada yake.

Nilihisi miguu yake ikianza kwenda. Hakuvutwa. Alikuwa anakwenda mwenyewe, taratibu, na uso wake ulikuwa umelegea kwa nafuu, kama mtu aliyesikia nyumbani wanamwita chakula. Hilo liliniogopesha kuliko mbwa. Nikamkumbatia kiunoni, nikamshikilia kwa nguvu zote, nikafikiri. Ilibidi nifikiri kama kondoo.

Kondoo wengi hawatoroki. Lakini kila kundi lina jike mmoja mkaidi, mzee, kichwa kigumu, na yeye anajua jambo moja ambalo wenzake hawalijui. Hakimbilii pembeni. Anageuka, anamtazama mbwa, anamwendea moja kwa moja. Na mbwa mzuri kuliko wote, akiendewa hivyo, kuna nukta moja hujua si kazi yake tena.

Nikamwambia Gavan tunageuka. Akanitazama kama nimepata kichaa. Nikamwambia tunarudi huko huko kwenye harufu, tunapita katikati yake, usikimbie, usiende pembeni hata kikutokee nini, na Baba tumshike kwapa huku na huku. Alikuwa analia, ndugu yangu, mwanamume wa miraba minne, machozi yanamtiririka na hayafuti. Lakini alimshika Baba kwapa.

Tukageuka.

Giza la nyuma lilikuwa zito kuliko la mbele. Mbwa akabweka, usoni kabisa, nikahisi pumzi yake magotini, baridi. Nikapiga hatua. Akabweka kushoto, mwili wangu wote ukataka kwenda kulia, nikapiga hatua mbele. Nyuma yetu ndani ya banda miguu ilianza kugongagonga mbao, yote pamoja, kwa fadhaa. Nikamsikia Baba anapumua kwa shida. Nikamwambia twende Baba, hatua moja, nyingine moja, nimemwahidi daktari.

Ndipo tulipomwona. Alisimama mahali nyua mbili zilipopanuka. Koti refu, kofia ya ukingo mpana, na chini ya kofia sikuona kitu, si kwamba palikuwa na giza, hapakuwa na kitu. Mkono mmoja ulikuwa umeinuliwa kidogo pembeni, vidole wazi, namna tunavyoinua mkono kumzuia kondoo asipite.

Gavan alifumba macho. Mimi sikuweza. Tulimpita karibu kiasi kwamba koti lake liligusa kiwiko changu, lilikuwa na unyevu wa mafuta ya sufu. Na Baba, ambaye nilidhani hana hata pumzi, alisimama. Nilimvuta, akakataa. Akanyoosha mgongo.

"Nimeshakuwa mzee kuliko wewe, Hosking," akamwambia. "Huna la kunifundisha tena."

 Nilisubiri tuanguke, tufe, sijui.

Mluzi ukaja, lakini si ule. Mmoja, mdogo, wa kushuka. Tunaujua. Ni mluzi wa kumwambia mbwa alale chini, aachane nao.

Mbwa akanyamaza. Ile harufu ikapungua, ikawa harufu ya vumbi na baridi tu. Tulitembea kufuata uzio, geti la ndani tukalikuta wazi, la kusini tukalikuta wazi, na barabara ilikuwa nje pale pale, nyeupe, mwezi ndio kwanza unachomoza. Nilikaa chini barabarani nikacheka. Nilipogeuka, Gavan alikuwa anarudi kutoka getini anajipangusa mikono. Alikuwa amelifunga. Baba aliona, hakumgombeza kwa kuvunja amri. Alimuuliza tu, kwa upole, amelifungia upande gani, tuko ndani au tuko nje. Gavan hakuelewa swali. Na mimi wakati ule sikulielewa.

Asubuhi jirani alitukuta hapo, Dot Schirmer, mwenye stesheni inayopakana na Ardvane kwa kusini. Mwanamke mkavu, kofia haimtoki, maneno machache. Alivuta gari letu korongoni kwa trekta, hakuona nyayo za mbwa, hakuuliza tulikuwa tunatafuta nini korongoni usiku. Alitupatia chai. Nilipoona yuko katika kazi ya kukusanya kondoo wake, nikamuuliza, kwa kupitisha muda tu, hufanya nini kundi likimgeukia na kupita. Akasema hafanyi kitu. Mjinga ndiye anayewakimbiza. Yeye humwita mbwa, hukaa chini, husokota sigara, huwaacha waende mpaka wasahau. Kisha huzunguka mbali sana, kwa nyuma, huanza upya polepole.

"Safari ya pili hawajui hata kama wanaswagwa," akasema, akaniongezea chai.

Nilimrudisha Baba nyumbani. Ahadi nilitimiza, na kwa majuma machache nililala usingizi wa mtoto.

Halafu kituo cha wazee alichokuwa amepangiwa Adelaide kikasema nafasi imechukuliwa. Iliyopatikana ilikuwa Port Augusta, kaskazini kidogo, lakini safi, na wauguzi wana heshima. Tukashukuru. Nyumba niliyopanga ikauzwa na mwenyewe, nikasema basi kwa nini nisihamie karibu na Baba, na basi la shule huko lilikuwa linatafuta dereva. Likaja jambo la kifua cha Baba, daktari mpya akashauri hewa kavu, mji mdogo, Quorn ingemfaa. Ilimfaa kweli. Gavan akaachana na mkewe, akaja kukaa nasi. Akapata kazi ya barabara Hawker, mshahara mzuri na nyumba ya bure, vyumba vitatu, haiwezekani kukataa. Tukahama tena.

Kila jambo lilikuwa la busara. Hakuna hata moja nililolazimishwa. Juzi ndipo nilipofungua ramani kumwonyesha mgeni tulikotoka, nikaweka kidole Adelaide, nikakipandisha, Port Augusta, Quorn, Hawker. Mstari mmoja ulionyooka. Kidole kilikuwa kinataka kuendelea hadi Ardvane, nikakitoa.

Jioni hii mbwa amebweka kusini mwa nyumba. Mara moja tu. Gavan akafunga madirisha ya upande ule. Baadaye kidogo akabweka mashariki, kwenye kisima. Tukazima taa ya jikoni tukahamia sebuleni. Sasa hivi amebweka magharibi, na Gavan anasema tusilale hapa, dada, twende kwa Dot kwa usiku huu mmoja tu, mpaka kutulie, Dot ana bunduki na nyumba yake ni ya mawe.

Ni shauri zuri. Nimelitafutia kasoro sijaipata. Najua Dot anakaa upande gani, mpakani mwa Ardvane, na najua nini kinapaswa kufanywa, kugeuka na kwenda huko huko kwenye sauti. Lakini Baba hawezi tena kutembea mwendo mrefu, kifua chake kinakwaruza, na usiku una baridi, na kaskazini kumetulia kabisa. Baba ameshavaa kofia yake. Anatusubiri mlangoni, uso umelegea.

Nimewaambia hatuendi popote, mimi ndiye mkubwa hapa. Gavan ananitazama mkono. Nimetazama na mimi. Funguo za gari zimo kiganjani mwangu, zimeshapata joto, na sikumbuki nilizichukua saa ngapi.